Kaboni ya Mikoko ya Lamu Imo Topeni

Malalamiko kuhusu vibali vya kukata boriti yameongezeka, na mengi yanatokana na dhana kwamba mkoko ukikatwa utachipua na hasara imekwisha. Mchu, aina mojawapo ya miti ya mikokoni, huchipua, lakini mkoko wenyewe, yaani aina inayoitwa mkoko hasa (Rhizophora), ukikatwa shina hauchipui. Hili tumelieleza mara nyingi mno.

Tena hasara si ya miti tu: Lamu ina zaidi ya nusu ya mikoko yote ya Kenya, na sehemu kubwa ya kaboni ya misitu hiyo haimo mashinani wala majanini. Ukizamisha mkono hadi kiwiko katika tope la mikokoni, utatoa udongo mweusi unaonuka mayai viza. Weusi na harufu hiyo ni dalili kwamba humo hamna oksijeni, ndiyo maana mizizi na majani yaliyozikwa huoza polepole mno, na kaboni yake hukaa hapo kwa karne nyingi. Udongo huo ukiuacha juani, hubadilika rangi na kupasuka: hewa imeingia, vijidudu vimeanza kazi, na kaboni inapaa ikiwa kaboni dioksidi. Ndivyo inavyokuwa mikoko inapofyekwa na maji kuzuiwa kwa matuta ili kupata mabwawa ya chumvi au ya kufugia kamba.

Upande wa bara, Witu na Mpeketoni, kanuni ni ile ile: udongo ukivurugwa, hewa huingia na kaboni hupaa. Msitu wa kitropiki ukigeuzwa shamba la kulimwa kila msimu, udongo wa juu hupoteza kwa wastani takriban robo ya kaboni yake, na mbolea ya naitrojeni inayozidi mahitaji ya mazao hutoa oksidi ya naitrasi, gesi ambayo kilo yake moja hupasha angahewa joto takriban mara 270 kuliko kilo ya kaboni dioksidi katika miaka 100.

Kukata kwa kuchagua, korja kwa korja (korja ni boriti ishirini), huacha mizizi ikishika tope, na kibali kipo kwa ajili hiyo. Anayekata katika msitu wa umma bila kibali anavunja Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Misitu ya 2016, na faini yake haipungui shilingi 100,000.

Wanaotaka kurudisha mikoko kwenye mabwawa yaliyoachwa wabomoe kwanza matuta, maji ya bahari yapwe na kujaa kama zamani, ndipo wafikirie miche.