Maua ya kukausha Dodoma: yanayosemwa na yaliyo kweli

"Dodoma pakavu, maua waachieni watu wa Arusha."

Dhana hii inaniuma kuliko zote, kwa sababu imebeba nusu ya ukweli. Mawaridi ya kuuza nje kweli yanalimwa Arusha na Kilimanjaro, penye ubaridi na maji. Na Dodoma kweli inapata milimita 550 hadi 600 hivi za mvua kwa mwaka, karibu zote zikinyesha kati ya Desemba na Aprili. Lakini maua si waridi peke yake; yapo ya kukausha, yanayouzwa yakiwa makavu kwa mapambo. Zinia asili yake ni Meksiko. Helikrisamu, lile ua ambalo ukiligusa linakwaruza kama karatasi hata likiwa bichi, ni la Australia. Gomfrena na selosia ni za ukoo wa mchicha, na mchicha nani hapa hajauona unavyolivumilia jua ukipata maji kidogo ya jioni? Yote haya ni maua ya msimu mmoja: unasia, unakata, mmea unamaliza kazi yake. Hayadai maji mwaka mzima.

Tena tuna kitu ambacho watu wa pwani hawana. Kuanzia Mei hadi Oktoba hewa yetu ni kavu na upepo haukauki. Anayekausha maua Tanga au Dar es Salaam anapigana na ukungu. Hapa kazi kubwa inafanywa na hali ya hewa. Mji unajaa ofisi, hoteli na kumbi za harusi, na kumbi nyingi bado zinapambwa kwa maua ya plastiki. Hilo ni soko letu tunaloliacha.

"Kila kitu hupandwa mvua ikianza."

Kwa mtama na uwele, sawa. Zinia ukiisia Desemba itachanua Februari, katikati ya unyevu, na majani yake yatashikwa na ubwiri unga, ukungu mweupe kama unga, ugonjwa ambao mkulima wa zabibu wa Hombolo hahitaji kuelezwa. Sia mwishoni mwa Februari au mapema Machi. Mvua za mwisho zitakulelea miche. Zinia huchukua siku 60 hadi 70 kufika kwenye ua, gomfrena na helikrisamu karibu miezi mitatu, kwa hiyo mavuno yanaangukia Mei na Juni, hewa imeshakauka. Mvua zikikata, mwagilia chini ya shina, si juu ya majani, na utandaze nyasi kavu ili udongo usipoteze maji.

Wenye visima vya maji ya chumvi, na Dodoma ni wengi, wasikate tamaa. Ua la statisi asili yake ni ukanda wa Bahari ya Mediterania na inavumilia chumvi kuliko maua mengi. Waanze na hiyo.

"Mbegu ni mbegu, fukia tu."

Zinia ifukie nusu sentimita hadi sentimita moja. Helikrisamu usiifukie kabisa: mbegu yake ni ndogo mno na inahitaji mwanga ili iote. Itawanye juu ya udongo uliochekechwa ndani ya trei, ikandamize kwa kiganja, basi. Ukimwagilia kwa keni kutoka juu utazisomba zote kwenye kona moja. Weka trei ndani ya beseni lenye maji kidogo, udongo unywe kutoka chini, kisha itoe. Ikishinda majini, kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina changa, kitaimaliza miche.

"Ukikatakata maua, mmea unakufa."

Ni kinyume chake. Mmea wa msimu mmoja unachanua ili uzae mbegu. Ukiyaacha maua yakomae juu yake, nguvu zinakwenda kwenye mbegu na kuchanua kunapungua. Ukikata, unachipua tena. Zinia ikifika sentimita 25 hivi, kata ncha juu ya jozi ya majani, na kwenye makwapa ya majani yale yatatoka matawi mawili. Kuanzia hapo, kila unapokata ua shuka chini kabisa kwenye tawi. Wengi hukata kikonyo kifupi kwa kuuonea mmea huruma, halafu wanashangaa mbona maua yanayofuata nayo ni mafupi. Samadi nayo iwe ya kiasi na iliyooza vizuri. Ikizidi utapata majani mengi na vikonyo visivyoweza kubeba ua.

"Ua likatwe likishachanua lote."

Hapa hakuna jibu moja, na hapa ndipo jasho la miezi linapopotea kwa siku mbili.

Helikrisamu ikate wakati safu mbili tatu za nje zimefunguka na kitovu bado kimefumba, kwa sababu inaendelea kufunguka ikiwa inakauka. Ukingoja ichanue yote itapinduka nyuma na kubaki na kitovu cha kahawia kinachopukutika. Gomfrena inataka subira: iache hadi kichwa kiwe cha mviringo na kigumu. Statisi nayo ingoje hadi vijiua vyake karibu vyote viwe vimefunguka. Zinia ina kipimo chake. Shika kikonyo sentimita 20 hivi chini ya ua, kitikise. Ua likiyumbayumba shingo imelegea, bado. Kikisimama imara, kata. Ukiikata mapema haitaendelea kuchanua, itainama tu.

"Anika juani, kama mlenda."

Naelewa inakotoka. Mboga za majani tunazianika juani tangu enzi, na zinakaa hadi kiangazi kinaisha. Ila ua la kuuza linatakiwa kukauka na kubaki na rangi yake, na jua ndilo linaloiua rangi. Tafuta mahali penye giza na upepo. Stoo ya bati yenye madirisha ya wavu inafaa sana.

Kata umande ukishakauka, toa majani, ufunge mafungu madogo ya vikonyo 8 hadi 10. Funga kwa rababendi, si kwa kamba. Vikonyo vinanywea vikikauka. Kamba inabaki na ukubwa uleule, na kimoja kimoja kinachomoka na kuangukia sakafuni, wakati rababendi inaendelea kubana. Ning'iniza vichwa chini ili shingo zikauke zikiwa zimenyooka. Baada ya wiki moja hadi tatu vunja kikonyo kimoja: kikikatika kwa mlio, tayari; kikipinda, ngoja.

Zinia ukiining'iniza inasinyaa. Hiyo ikaushe kwa mchanga, na mchanga makorongo yetu yamejaa. Chekecha ule laini, uoshe hadi maji yatoke safi, uanike ukauke kabisa. Tandika kidogo ndani ya boksi, weka ua likiwa limetazama juu, kisha mimina mchanga taratibu kutoka pembeni, uingie katikati ya petali bila kuzilaza, hadi lifunikwe. Acha boksi wazi wiki mbili au tatu. Kulitoa, mwaga mchanga pembeni. Ukilivuta petali zinabaki humo.

"Likishakauka halina shida tena."

Ua kavu hunyonya unyevu. Fungu lililotoka Dodoma likiwa safi linaweza kulegea na kuota ukungu Dar es Salaam likiachwa wazi. Ukisafirisha, zungushia karatasi, funga ndani ya mfuko usiopitisha hewa, ndipo uweke kwenye boksi, na umwambie mteja asiliweke bafuni wala dirishani panapopiga jua. Na hapa hapa nyumbani, yafunike kwa karatasi vumbi la Agosti lisiyaharibu, uyaweke mbali na panya, na kabla ya mvua ya Desemba yawe yameshashushwa yote na kufungwa.