"Insati" siyo kila klipu uliyoitupia katikati

Katika kuhariri video, kuchomeka klipu, au "insati", ni kuiingiza mahali kwenye taimulaini (mstari ambapo klipu zinapangwa kwa kufuatana) na kuzisukuma mbele zote zinazofuata. Kufunika, au "ovaraiti", ni kuiweka juu ya kilichokuwapo: kilichofunikwa kinatoka, vingine havisogei. Video ya sekunde 60 ukiitia klipu ya sekunde 5 kwenye sekunde ya 20, kwa kuchomeka inakuwa 65. Kwa kufunika inabaki 60, na kilichokuwa kati ya 20 na 25 hukioni tena.

Madereva wa Dar es Salaam wanalijua neno kuchomeka vizuri. Gari likichomekea kwenye foleni, walio nyuma wote wanarudi hatua moja. Hakuna anayefutwa.

Sasa kwa nini watu wanasema "insati" wakimaanisha kufunika? Chanzo ni kanda. Kwenye filamu, kipande kipya kiliunganishwa kwa gundi au utepe, hivyo urefu lazima uongezeke. Lakini mashine ya kuhariri kanda za video haikuweza kusukuma chochote. Picha mpya ilirekodiwa juu ya ile ya zamani. Mashine hiyo ilikuwa na njia mbili za kurekodi. "Asembo" ilirekodi picha, sauti na mkondo wa udhibiti (alama zinazoiwezesha mashine kuicheza kanda kwa mwendo sawa) vyote pamoja, kwa hiyo pale kipande kilipoishia mkondo ulikatika na picha ikaruka. "Insati" iliuacha mkondo huo ulivyo, ikabadilisha picha peke yake au sauti peke yake. Ndiyo maana kanda ilirekodiwa weusi mtupu kwanza, mwanzo hadi mwisho, ili mkondo uwepo kabla kazi haijaanza. Yaani insati ya kanda ndiyo ovaraiti ya kompyuta! Aliyejifunzia kwenye kanda hakukosea, ila programu za leo zimelipa neno lake maana nyingine. Programu ya kuhariri ya Avid Media Composer inalikwepa tatizo: mshale wa njano una jina la kuunganisha filamu, mwekundu ndio wa kufunika.

Madhara yanaonekana zaidi unapoburuta. Kwenye programu ya Premiere Pro, klipu uliyoiburuta bila kushika kitufe chochote inafunika inakoangukia na kuacha pengo ilikotoka. Ili ichomeke, Ctrl (Command kwenye Mac) iwe imeshikwa unapoachia kipanya. Ukiiachia kabla, inafunika. Ctrl na Alt pamoja huziba pengo na kuchomeka, lakini husogeza treki (safu ya klipu kwenye taimulaini) ile tu, kwa hiyo maandishi na muziki wa treki nyingine vinabaki nyuma. Tazama kishale kabla hujaachia: kikielekea kulia ni kuchomeka, kikielekea chini ni kufunika.

Si kila programu hufunika. Kdenlive katika hali yake ya kawaida inaizuia klipu isilalie nyingine kwenye treki moja, na kwa anayeanza naona huo ndio uungwana mkubwa. Shotcut hugeuza sehemu zilizolaliana kuwa mpito wa kufifishana.

Kilichofunikwa, kwa bahati nzuri, hakijafutwa kwenye diski. Kama kipande cha klipu bado kipo, vuta ukingo wake na picha itarudi.

Kwa hiyo mwenzako akikuambia "niinsatie hii hapa", muulize kwanza: video irefuke, au ibaki na urefu wake? Akisema ibaki, anachokiomba ni kufunika.