Kelele haziporomoshi theluji

Imani kwamba ukipiga kelele milimani theluji itaporomoka ni ya zamani, na imewaingia watu wengi. Lakini si kweli. Nguvu ya sauti ya binadamu ni ndogo mno kuvunja tabaka la theluji. (Baruti huweza, ila huo ni mlipuko.)

Kinachoporomosha theluji hasa ni uzito. Kwenye Haute Route, safari ya skii (kuteleza juu ya theluji kwa vifaa virefu vya miguuni) ya takriban wiki moja kutoka Chamonix, Ufaransa, hadi Zermatt, Uswisi, kiongozi huweza kusimama akachimba shimo kwa koleo ili akague matabaka ya theluji. Juu, theluji imeshikana kama ubao. Chini yake kuna punje zinazomwagika vidoleni kama sukari. Mtu mmoja akikanyaga hapo, kwenye mteremko wa nyuzi 30 au zaidi, punje hubomoka na ubao wote huteleza. Maporomoko mengi yanayowakumba watu wa skii huanzishwa na mhanga mwenyewe au mwenzake.

Ndiyo maana kiongozi huwavusha mmoja mmoja. Na akiona hatari, naomba apige kelele kwa nguvu zake zote. Sauti ya kuogopwa ni ule mguno mzito chini ya miguu: tabaka limeshavunjika.