Je, wajua kwa nini nguo huota kuvu ndani ya chumba chenye AC?

AC inawaka mchana kutwa, dirisha limefungwa, chumba ni baridi. Bado ukifungua kabati unakuta kanzu ina madoa ya kuvu begani na godoro linanuka uvundo. Mjini Unguja lawama huangukia mawe na chokaa za nyumba za kale. Mara nyingi mkosaji ni kijifeni cha chooni.

Feni hiyo ikivuta mita za ujazo 80 za hewa kwa saa, hewa nyingine kiasi hicho hicho lazima iingie chumbani. Itapita chini ya mlango, kwenye fremu ya dirisha, hata kwenye matundu ya nyaya za umeme. Na hewa yenyewe ni ya nje. Wakati wa masika si ajabu ikawa na nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80, yaani gramu 24 hivi za maji katika kila mita ya ujazo. Hewa ya chumba chenye nyuzi 24 na unyevu wa asilimia 55 ina gramu 12 tu. Zidisha tofauti hiyo kwa 80: karibu lita nzima ya maji inaingia kila saa, bila ya mtu kuiona. Hewa ya nje ya namna hiyo huanza kutoa jasho ikigusa kitu chenye nyuzi 26 kushuka chini, na ukuta wa nyuma ya kabati, uliokwisha pozwa na AC, uko chini ya hapo. Ndiyo maana kuvu huanzia kule nyuma. (Na anayefungua dirisha alasiri ili “unyevu utoke” anaukaribisha mwingine.)

Baadhi ya hoteli na nyumba za wageni hufunga mashine ya kubadilisha hewa. Ni sanduku la darini lenye feni mbili, moja ikiingiza na moja ikitoa, na katikati pana moyo ambamo hewa mbili hupishana bila ya kuchanganyika. Kwenye nchi za baridi hewa ya ndani inayotoka huipasha moto ile inayoingia. Kwetu kazi ni ile ile kinyumenyume: baridi inayotoka huipoza hewa ya nje. Kibandiko kikisema HRV, moyo hupitisha joto tu, na karibu unyevu wote unaingia. Kikisema ERV, sehemu ya unyevu hurudishwa nje. Pwani nunua ERV, lakini usidhani itakausha chumba. Inapunguza mzigo tu. Kukausha kunabaki kazi ya AC.

Palipo na kosa kubwa ni kwenye mizani ya hewa. Maelekezo mengi yameandikiwa nchi za baridi, ambako unyevu uko ndani ya nyumba na hatari ni kuusukumia ukutani, kwa hiyo fundi huambiwa asawazishe kabisa au hata atoe zaidi kidogo. Kwetu unyevu uko nje. Ingiza asilimia 5 hadi 10 zaidi ya unachotoa, ili nyufa zipumue kwenda nje. Tuseme nyumba ya wageni ya vyumba vitatu pale Shangani: vyoo vitatu vikitoa mita za ujazo 50 kwa saa kila kimoja, jumla 150, basi vyumba vipewe 55 kila kimoja, jumla 165.

Kipimo cha kwanza hakihitaji chombo. Funga mlango na madirisha, zima feni ya dari, washa mashine, kisha weka chetezo chenye udi kidogo karibu na upenyo wa chini ya mlango. Moshi ukirudi chumbani, chumba kinavuta hewa kutoka nje. Ukitambaa kwenda nje, uko sawa.

Baada ya hapo pima. Tengeneza faneli ya kadibodi inayofunika lote tundu la hewa la mashine, mdomo wake wa kutolea uwe na kipenyo cha sentimita 10, na pitisha kipima kasi ya upepo sehemu kadhaa za mdomo huo upate wastani. Kasi ya mita 2 kwa sekunde ni sawa na mita za ujazo 56 kwa saa. Anza na filta safi na vali zote (vifuniko vya matundu vinavyobanwa na kulegezwa) wazi. Tafuta tundu dhaifu kuliko yote, banisha mengine yaendane nalo, ndipo ubadilishe kasi ya feni. Rudia duru nzima, kwa sababu ukigusa vali moja zote hubadilika. Halafu kaza nati za vali. Kijifeni cha zamani cha chooni kikiachwa na swichi yake, hesabu yote hii ni bure. Kiondoe.

Mizani haikai milele. Filta ya upande wa kuingiza huziba kwanza, kwa vumbi na chumvi, na siku ile chumba kinaanza tena kunyonya hewa ya nje kupitia nyufa. Zima umeme, itazame kila mwezi; ya kuoshwa ioshe kwa maji na sabuni kidogo, ikauke kivulini hadi iwe kavu kabisa. Panda na ngazi ukasafishe wavu wa nje: huo ndio unaosahauliwa kuliko kitu chochote. Moyo wa karatasi usiuoshe, uvute vumbi kwa brashi laini. Ukisafisha mapanga ya feni, usibandue vile vibanio vidogo, vimewekwa ili feni isitetemeke.

Kwenye HRV angalia pia maji. Nchi za baridi hudondoka upande wa hewa inayotoka; huku hudondoka upande wa inayoingia, na fundi aliyeinamisha sanduku kwa kufuata picha ya kitabu atapata dari lenye doa. Bomba la maji liwe na kona ya U iliyojaa maji. Kiangazi ikikauka feni huvuta hewa ya mfereji, na chumba kinanuka shimo la choo. Mimina kikombe kimoja cha maji.