Mkono Unaowaka Baada ya Mfupa Kuunga: Dhana Potofu na Ukweli

Mtu huanguka na bodaboda karibu na Kongowea, akavunjika kifundo cha mkono, akafungwa plasta. Wiki sita baadaye plasta hufunguliwa na mfupa umeunga, lakini mkono wawaka kama uliopakwa pilipili, umevimba, na hauvumilii hata kuguswa na leso. Huenda hiyo ni sindromu ya maumivu changamano ya kiungo.

Dhana: eksirei ni safi, kwa hiyo hakuna ugonjwa.
Ukweli ni kwamba hakuna picha wala kipimo cha damu kinachouthibitisha ugonjwa huu. Vipimo hufanywa ili kuondoa shaka ya mengine, kama vile usaha au damu iliyoganda mshipani. Daktari hutumia vigezo vya Budapest, ambavyo chanzo chake ni mkutano wa wataalamu uliofanyika katika mji huo mwaka 2003. Huangalia makundi manne ya dalili: hisia zilizozidi; joto na rangi ya ngozi; uvimbe na jasho; kisha udhaifu au ukakamavu pamoja na mabadiliko ya kucha na nywele. Mgonjwa awe na malalamiko katika makundi 3 au zaidi, daktari naye ajionee dalili katika angalau 2, maumivu yawe yamepita kiasi cha jeraha, na pasiwe na maradhi mengine yanayoyaeleza vizuri zaidi. Katika joto letu la kaskazi kila mtu hutoka jasho, na ndiyo sababu mkono mmoja hulinganishwa na mwenzake.

Dhana: ni husuda, au anajitia.
Kisomo hakimzuii mtu kwenda hospitali, lakini kumwita mgonjwa mwongo humchelewesha. Daktari Silas Weir Mitchell aliyaeleza maumivu ya aina hii kwa askari waliopigwa risasi katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vya 1861 hadi 1865. Leo inafahamika kwamba mishipa ya fahamu na ubongo huendelea kupiga mbiu ya hatari ilhali jeraha limekwisha kupona.

Dhana: mkono upumzishwe, au uchuliwe kwa nguvu.
Hapa ndipo wengi huharibikiwa, kwa kuwa mkono unaotundikwa shingoni miezi mitatu hukakamaa, na unaochuliwa hadi mgonjwa apige kelele huzidi kuwaka. Msingi wa tiba ni mazoezi ya fiziotherapia yaanzayo mapema na kuongezwa kidogo kidogo: kuizoesha ngozi kwa pamba kisha kwa kitambaa chenye kukwaruza zaidi, kuuficha mkono mgonjwa nyuma ya kioo huku ukitazama taswira ya ule mzima ukisogea, na kuurudisha kwenye kazi ndogo za nyumbani. Kuchagua mchele kwafaa kuanzia. Kukuna nazi kungoje. Dawa za kutuliza maumivu ya mishipa ya fahamu kama gabapentini au amitriptilini, na pengine steroidi, yaani dawa za kupunguza uvimbe, kwa muda mfupi mwanzoni, hutolewa na daktari ili mgonjwa aweze kufanya mazoezi hayo, si badala yake.

Dhana: dawa ni kuukata.
Wengi hupata nafuu ndani ya mwaka wa kwanza au zaidi kidogo, ingawa baadhi hubaki na maumivu kwa miaka. Kukata hakuyaondoi kwa uhakika, kwani yanaweza kurudi katika kigutu kilichobaki.