Muuguzi wa Dharura Hapimwi kwa Mbio
Wauguzi wapya wanaopangiwa kitengo cha dharura, iwe katika hospitali ya Mnazi Mmoja, Unguja, au ya Abdulla Mzee, Pemba, mara nyingi hudhani kwamba anayefaa ni yule anayekimbia. Sivyo. Kinachookoa ni mpangilio: kwanza njia ya hewa, kisha upumuaji, halafu mzunguko wa damu. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, na kasi hiyo mara nyingi hupanda kabla shinikizo la damu halijashuka. Kwa hiyo dakika nzima ya kuhesabu pumzi, ambayo jamaa waliosimama mlangoni huiona kuwa uzembe, ndiyo inayomfichua mgonjwa anayezidiwa kimyakimya.