Alma mater sio "mama wa roho"

Hii ya kusema alma mater, yaani shule au chuo ulichosoma, ni "mama wa roho" imezunguka sana, na naelewa inatoka wapi, kwa Kihispania alma ni roho kweli, ila hili neno ni la Kilatini na huko alma ni mwenye kulisha, toka kitenzi alere, yaani kulisha au kulea. Kwa hiyo ni mama mlezi. Warumi walimwita alma mungu wao wa kike wa nafaka, Ceres, baadae Wakristo wakampa Bikira Maria, vyuo vikaja mwishoni. Kile cha Bologna, Italia, kinachojihesabia toka 1088, bado kinajiita Alma Mater Studiorum. Na alumni, yaani wahitimu? Mzizi huohuo: waliolelewa. Nikikumbuka maharage ya bweni, kulishwa tulilishwa kweli.